Joy Adamson: Mchoraji aliyehifadhi nyuso za Wakenya kabla ya simba kumpa umaarufu

JINA la Joy Adamson linapotajwa, wengi humkumbuka simba jike Elsa, kitabu kilichosomwa duniani kote na filamu iliyofuata mwaka wa 1966. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miaka mingi kabla ya simba huyo kuzaliwa, mama huyo kutoka Ulaya alikuwa tayari amezunguka Kenya akiwa na kisanduku cha rangi za maji, akichora nyuso za wazee, vijana na akina mama wa jamii mbalimbali, wakiwemo Wataita wa milima inayoutazama mji wa Voi.

Michoro hiyo ya watu, zaidi ya 500, ndiyo kazi yake iliyo dhaifu kuliko zote. Kitabu kikiisha madukani huchapishwa tena, na filamu hunakiliwa. Mchoro wa rangi za maji uko mmoja tu, na maadui wake ni vitu vya kawaida kabisa: mwanga wa dirishani, unyevunyevu wa ukutani, wadudu wanaokula karatasi, na hata fremu mbovu iliyotengenezwa kwa nia njema.

Joy alizaliwa Januari 20, 1910, katika mji wa Troppau uliokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungary. Mji huo sasa unaitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake, waliokuwa na binti watatu, walimpa jina Friederike Viktoria Gessner. Ndoa ya wazazi hao ilivunjika angali mdogo, naye akalelewa na nyanya yake jijini Vienna.

Ujana wake ulikuwa wa kujaribu hiki na kuacha kile. Alisomea piano, akajifunza uchongaji, akaanza kujitayarisha kwa masomo ya udaktari kisha akayakatiza. Mwaka wa 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara wa asili ya Kiyahudi. Kufikia wakati huo Wanazi walikuwa wametwaa mamlaka Ujerumani, na Wayahudi wa Austria walikuwa na kila sababu ya kutafuta kwingine pa kuishi. Klarwill alimtuma mkewe Kenya mwaka wa 1937 akaangalie kama nchi hiyo ingewafaa.

Melini alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Mkutano huo ulibadilisha kila kitu. Ndoa ya kwanza ikafikia kikomo, na mwaka wa 1938 Joy akaolewa na Bally. Hata jina Joy, ambalo ndilo dunia inalijua, alipewa na mume huyo wa pili aliyeona majina ya Kijerumani ya mkewe kuwa mazito.

Enzi hizo msafiri aliyeshuka bandari ya Mombasa akielekea bara alitegemea reli, na reli hiyo hupita Voi. Ndio mji ambao njia nyingine ya reli, iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hujitenga na kuelekea Taveta na mpaka wa Tanzania. Upande mmoja msafiri huona nyika ya Tsavo yenye udongo mwekundu, na upande wa pili milima ya Sagalla na Taita ikiinuka ghafla, kilele kikiwa ndani ya ukungu.

Haukupita muda kabla ya Joy kuifahamu nyika ya eneo hilo kwa karibu. Mwaka wa 1938 makavazi ya Coryndon ya Nairobi, ambayo sasa ni Makavazi ya Kitaifa, yalituma msafara wa wanasayansi kwenye vilima vya Chyulu, kaskazini magharibi mwa Tsavo. Bally alikwenda kukusanya mimea na mkewe akafuatana naye.

Kazi ya kukusanya mimea ina kasoro moja ambayo kila mwanafunzi wa botania huijua. Ua likichumwa, likabanwa kati ya karatasi na kukaushwa, umbo lake hubaki kwa mamia ya miaka lakini rangi yake huondoka. Petali za zambarau huwa kahawia. Ua la zambarau linalomea kwenye msitu wa mlima Mbololo, huko huko Taita, na ambalo kiasili halipatikani kwingineko duniani, likikaushwa hivyo haliwezi kumwonyesha mtu aliyeko Ulaya kwa nini limesifiwa.

Hapo ndipo mchoraji alipohitajika. Joy, ambaye hakuwa amesomea uchoraji wa mimea, alianza kuchora maua ambayo mumewe aliyachuma, akifanya hivyo kabla hayajanyauka. Ilikuwa kazi ya kushindana na saa. Ua lililochumwa asubuhi huinamisha kichwa adhuhuri, na mchoraji asiye na nidhamu hubaki na shina tu. Michoro yake ikaingia katika vitabu kadhaa kuhusu mimea na bustani za Afrika Mashariki, na mwaka wa 1947 chama cha kifalme cha wakulima wa bustani cha Uingereza kikamtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell.

Ndoa yake na Bally haikudumu. Mwaka wa 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa akihudumu katika wilaya za kaskazini, na akaanza maisha ya hemani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alisoma kwa muda mfupi katika shule ya sanaa ya Slade jijini London. Aliporejea kaskazini, macho yake yalikuwa yameanza kuhama kutoka kwa maua hadi kwa watu.

Alichokiona ni kile alichokizoea katika maua. Mapambo, mavazi na mitindo ya nywele ambayo wazee walikuwa nayo haikuonekana tena kwa vijana wao. Mishahara, shule, makanisa na maduka ya vitambaa vilikuwa vikifanya kazi yake. Kamera zilikuwepo, lakini filamu za rangi zilikuwa ghali na zilipauka haraka. Picha nyingi za miaka hiyo ni za rangi nyeusi na nyeupe, na katika picha kama hizo ushanga mwekundu na ushanga wa buluu hauna tofauti. Kwa jamii ambazo rangi ya ushanga hueleza umri, ndoa au hadhi ya mvaaji, hilo si jambo dogo.

Mwaka wa 1949, wakati wa utawala wa Gavana Philip Mitchell, serikali ya kikoloni ilimpa Joy kandarasi ya kuchora jamii za Kenya ambazo mila zake zilionekana kuwa katika hatari ya kutoweka. Kazi aliyodhani ingekwisha upesi ilimchukua takriban miaka sita. Alisafiri kwa lori kutoka Turkana hadi pwani, kutoka Mlima Elgon hadi Lamu. Alifanya kazi hata baada ya serikali kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952, wakati ambapo Mzungu kupiga hema peke yake halikuwa jambo la busara katika sehemu kadhaa za nchi.

Utaratibu wake ulikuwa wa kuchosha. Kwanza alihitaji kupitia kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa chifu, kisha kwa wazee. Baadhi ya mapambo aliyoyatafuta hayakuwa yakivaliwa tena, ikabidi yatolewe masandukuni au yaazimwe kwa jirani. Baada ya hapo mtu alitakiwa kuketi saa nyingi bila kutikisika, jua likihama, nzi wakisumbua. Waliochorwa walilipwa. Baadhi yao walisinzia. Si vigumu kuwaza kwamba wengine walimwona mama huyo kuwa mtu wa ajabu, aliyetoka mbali kuja kutazama sikio la mzee kwa nusu siku.

Michoro yenyewe haina mandhari nyingi. Mtu huwekwa mbele ya karatasi tupu, na uangalifu wote huenda kwenye uso, ngozi, chuma, mfupa, manyoya na ushanga. Ni jicho lile lile lililochora maua: kila sehemu mahali pake, kwa idadi yake. Wapo wahakiki wanaosema kuwa tabia hiyo ndiyo udhaifu wa michoro hiyo, kwamba watu wamechorwa kama mimea, kila mmoja akiwa mfano wa kabila lake. Lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, ukikaa mbele ya baadhi ya nyuso hizo kwa muda, utagundua kuwa mzee fulani alikuwa amechoka, mwingine alikuwa na dharau, na msichana mmoja alikuwa karibu kucheka. Mambo hayo hayakuwa katika kandarasi ya serikali.

Kwa Wataita, kazi hiyo ilifika wakati mgumu. Mmishonari J. A. Wray alikuwa amefungua kituo cha kanisa la Anglikana Sagalla mwaka wa 1883, na Wakatoliki wakafuata Bura mwaka wa 1892. Kufikia miaka ya 1950, familia nyingi za milimani zilikuwa na watoto shuleni, baba kwenye reli au katika mashamba ya mkonge, na Biblia mezani. Mtaita aliyevalia mapambo kamili ya mababu hakuwa mtu wa kukutana naye njiani kila siku.

Kuna kinaya kingine ambacho ni vigumu kukipita kimya. Mei 1940 serikali hiyo hiyo ya kikoloni ilikuwa imepiga marufuku Taita Hills Association, chama kilichotetea ardhi ya wakazi wa milima hiyo, na kuwahamisha viongozi wake, akiwemo Mengo Woresha. Aprili 1948 ikatangaza mbuga ya Tsavo, ambayo sehemu zake za mashariki na magharibi huchukua zaidi ya nusu ya eneo lote la kaunti ya sasa ya Taita Taveta. Mwaka mmoja baadaye ikamlipa mchoraji ahifadhi sura na mapambo ya watu wale wale. Serikali ilikuwa tayari kulinda shanga za Mtaita kwenye karatasi kuliko malisho yake ardhini.

Lawama hiyo haimwangukii Joy moja kwa moja. Hakuwa mtunga sera, na hakuna anayedai kuwa mapambo yale yangebaki kama asingeyachora. Hata hivyo, hadithi ya michoro yake haiwezi kusimuliwa bila kumtaja aliyelipa gharama.

Wataita wenyewe walikuwa na namna yao ya kuwahifadhi waliotangulia, na haikuhitaji karatasi. Muda fulani baada ya mzee kuzikwa, fuvu lake lilifukuliwa na kupelekwa kwenye pango au chini ya mwamba ulioinama, likapangwa kando ya mafuvu ya wazee wengine wa ukoo. Hapo ndipo jamaa walipokwenda kutambika wakati wa ukame au maradhi. Wamishonari waliipinga desturi hiyo vikali na waumini wengi wakaiacha, lakini katika baadhi ya sehemu za milima hiyo mafuvu bado yapo.

Mtaalamu wa kuhifadhi kazi za sanaa akipelekwa kwenye mwamba kama huo atatambua jambo mara moja. Mahali penyewe ni pakavu. Mvua haipigi, jua la moja kwa moja haliingii, hewa hupita, na hakuna mtu anayegusagusa ovyo. Hayo ndiyo masharti ambayo makavazi hutafuta kwa gharama kubwa, kwa mitambo ya kupima unyevu na mapazia mazito.

Rangi za maji ni chembe za rangi zilizochanganywa na gundi ya mti na maji, kisha zikapakwa kwa tabaka jembamba sana juu ya karatasi. Wembamba huo ndio uzuri wake, kwa kuwa mwanga hupenya rangi, hugonga weupe wa karatasi na kurudi machoni. Wembamba huo huo ndio balaa lake. Picha ya mafuta au ya rangi za nyumba ina unene wa kujikinga. Ya maji haina.

Mwanga huila rangi kidogo kidogo, na hasara hiyo haina dawa. Saa moja ya leo hujumlishwa na saa moja ya kesho, na kilichopauka hakirudi hata mchoro ukifungiwa gizani miaka 100. Ndiyo sababu makavazi mengi duniani huweka mwanga wa karibu lux 50 tu juu ya michoro ya aina hii, kiasi ambacho mgeni anayetoka juani huona kama ukumbi umekatiwa stima. Aidha, mchoro huonyeshwa kwa miezi kadhaa kisha hupumzishwa kabatini.

Rangi hazipauki kwa usawa. Zile za udongo, kama nyekundu na manjano ya madini ya chuma, hudumu sana. Nyekundu za waridi na baadhi ya zambarau zilizotengenezwa kutokana na mimea au kemikali za zamani huondoka kwanza. Matokeo yake ni kwamba mwili wa moran uliopakwa udongo mwekundu unaweza kubaki imara kwenye karatasi wakati ushanga shingoni mwake umeshabadilika. Mtu atakayetazama mchoro uliotunzwa vibaya anaweza kuamini kuwa jamii fulani ilivaa shanga nyeupe, ilhali zilikuwa za waridi. Picha iliyokusudiwa kuwa ushahidi hugeuka kuwa shahidi wa uongo.

Kisha kuna suala la fremu. Katika nyumba nyingi za Voi, Mwatate na Wundanyi, kama kwingineko nchini, picha ya harusi au ya marehemu babu huwekwa kwenye fremu ya mbao, kioo kikiwa kimegusa picha yenyewe, na nyuma pakafunikwa kwa kadibodi ya boksi na gundi ya utepe. Fundi huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache na mteja huondoka akiwa ameridhika. Kasoro huonekana baada ya miaka.

Kioo kikigusa karatasi, unyevu wa usiku hujikusanya katikati na picha huganda kwenye kioo. Ikibanduliwa, uso hubaki kwenye kioo. Kadibodi ya kawaida ina asidi inayoivuja polepole, na karatasi hugeuka kahawia na kuvunjika kama mkate mkavu. Gundi ya utepe huacha doa la manjano ambalo haliondoki. Fremu iliyoachwa wazi kwa nyuma ni mlango wa wadudu.

Njia iliyo salama si ya siri wala haihitaji mashine. Karatasi nene ya pamba isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati, huwekwa kati ya mchoro na kioo ili visigusane. Mchoro hushikizwa kwa vipande vidogo vya karatasi laini ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo huweza kuloweshwa na kuondolewa wakati wowote bila madhara. Nyuma huzibwa vizuri. Kanuni kuu ya mafundi wa kazi hiyo ni kwamba lolote linalofanywa kwa mchoro lazima liweze kutenduliwa na fundi atakayekuja baadaye.

Hali ya hewa ya Taita Taveta yenyewe hutoa mafunzo mawili tofauti ndani ya safari ya saa moja na kitu. Wundanyi, ambako ukungu hutanda asubuhi na kuta hubaki baridi, adui ni kuvu, vile vidoa vya kahawia vinavyotapakaa kwenye karatasi kama madoadoa ya ndizi mbivu. Huko picha hutakiwa iachane na ukuta kwa vipande vidogo vya mbao au kizibo ili hewa ipite nyuma. Voi, huko bondeni, adui ni vumbi jekundu, joto na jua kali, pamoja na mchwa. Huko ukuta wa ndani usiotazamana na dirisha ndio salama, na fremu hupaswa kushushwa na kukaguliwa mara kwa mara, kwani mchwa hujenga kimya kimya nyuma yake.

Joy aliishi hemani katika mazingira makali kuliko hayo. Karatasi zake zilisafiri kwenye malori katika barabara za vumbi la kaskazini na kwenye joto la pwani. Kwamba michoro mingi kiasi hicho ilifika Nairobi ikiwa salama ni jambo linaloeleza tabia yake. Watu waliomjua walimweleza kuwa mkali, mwenye haraka, asiye rahisi kuishi naye, na ndoa yake na George ilikuwa na misukosuko hadi wakaishia kuishi mbali mbali. Ukali huo huo ulikuwa na faida ilipofika zamu ya kupakia karatasi.

Michoro hiyo ilipata makao katika makavazi ya Nairobi, na mingine ikatundikwa Ikulu, ambako iliwakaribisha wageni wa serikali ya kikoloni na, baada ya mwaka wa 1963, wa serikali huru. Mwaka wa 1967 Joy alichapisha kitabu cha michoro na maelezo yake kuhusu watu wa Kenya. Hakikuwahi kukaribia umaarufu wa vitabu vya simba.

Kwani kufikia wakati huo simba alikuwa amekwisha kuchukua nafasi yote. Februari 1956 George alilazimika kumpiga risasi simba jike aliyemshambulia, akarudi kambini na watoto watatu wa mnyama huyo. Wawili wakapelekwa Ulaya katika hifadhi ya wanyama, na Elsa akabaki. Alilelewa, akafundishwa kuwinda, akarudishwa porini, akazaa. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1960 na kutafsiriwa kwa lugha nyingi. Elsa alikufa Januari 1961 na akazikwa Meru. Mapato ya vitabu yalielekezwa kwa kiasi kikubwa kwenye miradi ya kulinda wanyamapori.

Kwa wakazi wa Taita Taveta, ambao ndovu wa Tsavo huwavunjia ua na kuwalia mahindi, sifa hizo za kimataifa kwa wanyama hupokewa kwa hisia mbili. Huenda ndiyo sababu inastahili kukumbukwa kwamba Joy alianza na watu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipata ajali ya gari na mkono wake wa kulia ukaumia vibaya. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa lakini mkono haukurudia hali yake. Piano aliyoisomea tangu utotoni ikawa taabu, na brashi vilevile. Nyumba yake kando ya Ziwa Naivasha, aliyoiita Elsamere, ilibaki na michoro ya enzi ambayo vidole vilimtii. Sasa nyumba hiyo ni kituo cha uhifadhi chenye makavazi madogo.

Januari 3, 1980, Joy aliuawa katika hifadhi ya Shaba, wilayani Isiolo wakati huo, ambako alikuwa akimchunguza chui. Awali ilidhaniwa kuwa ameuawa na simba. Uchunguzi ulionyesha majeraha ya silaha, na kijana aliyewahi kumfanyia kazi alihukumiwa kwa mauaji hayo. Alikuwa amebakisha siku 17 kutimiza miaka 70. Majivu yake yalitawanywa Meru, alikozikwa Elsa. George naye aliuawa na majangili huko Kora mwaka wa 1989.

Makavazi ya Nairobi yalifungwa mwaka wa 2005 kwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka wa 2008, na kazi za Joy zikatengewa nafasi. Mgeni anayeingia huko mara nyingi hukutana kwanza na jina la kabila na cheo cha aliyechorwa: shujaa, mganga, bi harusi, mzee. Jina la mtu mwenyewe, ambalo wajukuu wake ndio wangelitafuta, si jambo ambalo wakati ule lilipewa uzito sawa na ushanga. Hiyo ni sehemu ya mchoro ambayo hakuna fremu wala karatasi isiyo na asidi inayoweza kuihifadhi, na walioweza kuijaza kwa kumbukumbu, wale waliokuwa watoto wakimtazama nyanya yao akichorwa chini ya mti, sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi.

Tangu mwaka wa 2017 gari moshi la reli ya kisasa husimama Voi likielekea Nairobi, na safari iliyokuwa ya usiku kucha sasa ni ya saa chache. Mzee wa Mbololo au Kasigau anaweza kupanda asubuhi na kufika makavazini kabla ya milango kufungwa, akaketi mbele ya nyuso hizo katika mwanga hafifu, na kuona kama yumo anayemfahamu.